Jua linazama saa kumi: siku moja kwenye boti, Braunston hadi Buckby

Mi nimezaliwa Pangani, upande wa Bweni, pale unapovuka mto kwa pantoni, na baba yangu alikua na mashua ya kuvulia na kubebea mizigo midogo, kwahiyo mambo ya maji sikuyasoma kitabuni. Kana, ule mpini wa kuongozea chombo, nimeishika nikiwa na miaka kama tisa. Ndo maana mwaka jana mwezi wa kumi na moja shemeji yangu aliponipigia simu kuniomba tukamsaidie mzee mmoja wa Kiingereza kuhamisha boti yake kwenye mfereji nilikubali hapohapo, sikuuliza chochote. Nikawaza maji yenyewe yamesimama, hakuna wimbi, hakuna mkondo, hakuna kusi wala kaskazi, mfereji wenyewe ukianguka ukisimama maji yanakufika kifuani, sasa cha kuogopa ni nini. Siku ile moja imenifundisha vitu ambavyo mto Pangani haukuwahi kunifundisha, na kimojawapo nusura kizamishe nyumba ya mtu.

Nasema nyumba kwa sababu ni nyumba kweli. Yule mzee alikua fomeni wa shemeji huko ghalani alikokua anafanya kazi, akastaafu, akauza nyumba yake akanunua boti, sasa anaishi humo mwaka mzima. Hizi boti za mifereji ya Uingereza ni nyembamba sana, upana kama mita 2 na kidogo tu, lakini urefu zinafika hata mita 22. Ya huyu mzee ilikua na mita 17. Ukiingia ndani ni kama korido ndefu, mbele jiko la makaa ya mawe, halafu meza, jiko la gesi, choo, kitanda, na mwisho kabisa ngazi ya kutokea nyuma kwenye tezi anaposimama nahodha nje kwenye baridi na mvua. Wembamba wake una sababu. Malango ya maji, yani vile vyumba vya kupandishia na kushushia boti, kwenye mifereji mingi ya katikati ya nchi yalijengwa miaka ya 1700 kwa kipimo hicho, ili kubana gharama na kubana maji, na boti zikafuata malango. Wakati huo hakuna treni, barabara ni tope tupu, na farasi mmoja akitembea kando ya mfereji alikua anavuta boti yenye tani 25 mpaka 30 za makaa ya mawe, wakati kwenye mkokoteni farasi huyohuyo anahangaika na tani mbili.

Sasa huko kila majira ya baridi taasisi inayotunza mifereji, inaitwa Canal & River Trust, inafunga baadhi ya sehemu kwa ajili ya ukarabati, wanatoa maji, wanabadilisha malango ya mbao, wanaziba nyufa. Ukizubaa unakwama upande usioutaka mpaka machipuko. Mzee alitaka awe upande wa Whilton, chini ya malango ya Buckby, kabla hawajafunga, na goti lake lilikua limevimba, hawezi kupanda na kushuka kwenye kuta za malango. Ndo tukaitwa sisi. Safari yenyewe haifiki kilomita 10, lakini ina malango 13 na handaki moja refu.

Tulitoka Coventry Jumamosi alfajiri na magari mawili, moja tukaliacha Whilton tunakoishia, na lingine tukaenda nalo Braunston boti ilipokua. Kumbuka hilo gari la Whilton kwa sababu ndo lililonipa haraka.

Kitu cha kwanza ambacho mtu wa kwetu lazima akipige hesabu ni mwanga. Sisi vuli ni mvua. Kule ni majani kudondoka na siku kufa mapema. Katikati ya Novemba jua linachomoza saa moja na nusu asubuhi hivi, linazama saa kumi na dakika kumi jioni, maana Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwahiyo unaamka siku moja unakuta jioni imekatwa kipande. Kwa anayeswali anaelewa vizuri zaidi, unamaliza adhuhuri, ukipata chakula na chai alasiri imeshaingia, saa nane mchana hiyo, na ukijisahau kidogo tu unasikia simu inakuadhinia magharibi na Pangani saa yao ikifika kumi na dakika kumi hivyohivyo watoto bado hata hawajaenda kucheza mpira. Nimeishi Uingereza miaka 11 na nilikua nayajua haya yote, ila niliyajua kama mtu wa ndani, mtu wa taa na basi. Kwenye boti taa yako ni jua.

Na siku hiyo tukalipoteza jua la asubuhi lote. Tumefika Braunston kumejaa ukungu, mnara wa kanisa lao lile linaloonekana mbali hatukuuona kabisa, hata omo, yani mbele ya boti, ukisimama nyuma huioni. Juu ya paa la boti barafu nyeupe, kamba zimekakamaa kama fimbo. Mi nikasema twende polepole. Mzee akakataa, akasema mita 17 ukizigonganisha na boti ya mtu amelala umemtoa kitandani, tungoje. Tukangoja mpaka saa nne. Akatutengenezea chai ya maziwa, akatuonyesha ramani, akatuambia habari za pale Braunston, na kwa kweli huo muda haukupotea.

Pale ndo mifereji miwili inakutana, wa Oxford na ule mkubwa uliokua unaitwa Grand Junction, sasa ni Grand Union, unaoshuka mpaka London. Kwenye makutano kuna madaraja mawili ya chuma yamekaa pacha, meupe na meusi. Familia za waendesha boti walikua wanakutana hapo, wanaozesha hapo, wanazika hapo, hata wakiwa wamezaliwa mbali. Baba, mama na watoto wote wanaishi kwenye chumba cha nyuma chenye urefu wa kama mita 3 na upana wa mita 2, sehemu nyingine yote ni mzigo. Wakachora kuta na milango na makopo ya maji maua waridi na majumba ya kifalme, rangi kali nyekundu na kijani na njano. Watoto wengi hawakujua kusoma kwa sababu boti haikai mahali siku mbili, shule utaanzaje. Hapo nilimkumbuka baba. Hakujua kusoma, jina lake alikua anaweka dole gumba, lakini ukimpeleka usiku katikati ya Pangani na Kojani anakwambia umbali kwa kunusa upepo. Watu wa maji wa dunia nzima wamedharauliwa kwa kitu kimoja hichohicho, na wote walikua wanajua mengi kuliko waliowadharau. Hilo naliamini kabisa.

Mzee akasema kilichowamaliza mwisho ni baridi ya 1962 kuingia 1963, mifereji iliganda wiki kwa wiki, mzigo ukahamia kwenye malori na haukurudi tena.

Saa nne ukungu ukapanda, tukawasha injini. Kabla ya kuwasha mzee akanionyesha kifuniko kilicho juu ya propela, kipo ndani ya boti kule nyuma, unakifungua unaingiza mkono kwenye maji kutoa uchafu ulionasa. Akanishika mkono akanifanya nikikaze mwenyewe kisha nikiguse tena kuhakikisha. Kikiachwa wazi halafu uwashe injini, propela inapiga maji inayaleta ndani, na boti inazama ikiwa imefungwa gatini. Sikuwahi kuona chombo chenye tundu la makusudi chini ya mstari wa maji.

Akanipa kana. Kana ni ileile, ukisukuma kulia chombo kinaenda kushoto, mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Ila mashua ya baba ilikua fupi na ina bahari nzima ya kukosea. Hii ndefu inageukia katikati, yani wewe unaangalia omo imeingia vizuri chini ya daraja kumbe tezi unayosimama inakwenda kugonga ukuta upande wa pili. Nikagonga mara moja, mlio ukapita boti nzima. Halafu nikafanya kosa ambalo kila mtu wa bahari angelifanya, niliona haitii nikaongeza moto. Baharini ukiongeza mwendo shikio, ule ubao wa chini unaogeuza chombo, linashika vizuri zaidi. Kwenye mfereji mwembamba wenye kina kifupi ukiongeza mwendo boti inavuta maji yaliyo mbele na pembeni, tezi inakaa chini, ukingo unakunyonya, na shikio linazidi kulegea. Mzee akaweka mkono wake juu ya wangu akaurudisha ule wenzo wa moto mpaka injini ikawa inaguna tu. Boti ikatulia ikaanza kusikiliza. Sheria yenyewe ni maili 4 kwa saa, ila ukipita boti zilizofungwa unashuka chini ya hapo, unatembea kama mtu anayesindikiza maiti, kwa sababu mawimbi yako yanang'oa vigingi vya wenzako. Kutoka pale bandarini mpaka lango la kwanza mtu aliyekua anatembeza mbwa kando ya mfereji alitupita.

Na majani. Sikujua majani ni kitu cha kumsumbua nahodha. Mierebi na miti mingine imepukutisha yote kwenye maji, juu yamelala kama mkeka wa dhahabu mzuri kweli, chini yameoza yamekua uji. Yanajifunga kwenye propela, injini inaunguruma lakini boti haiendi. Dawa yake ni kuweka rivasi kwa nguvu sekunde mbili tatu, yanatawanyika, unaendelea. Tulifanya hivyo labda mara 20 siku ile.

Lango la maji, au loki kama wanavyoita shemeji na wenzake, ni chumba cha mawe chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Ukipanda unaingia kukiwa chini, unafunga nyuma, unafungua vifuniko vya mbele vilivyo chini ya maji kwa hendeli ya chuma iliyopinda kama herufi L, maji yanaingia yanakupandisha, ukilingana na juu mlango unafunguka kwa kusukuma boriti lake kwa mgongo. Ukishuka ni kinyume chake. Kila ukifanya hivyo zaidi ya lita 200,000 zinashuka kwenda chini, ndo maana kule juu wana mabwawa ya kujazia, na ndo maana mtu anayeacha kifuniko wazi anachukiwa. Braunston yapo 6 ya kupanda. Hayana haraka. Chuma cha hendeli kilikua cha baridi mpaka kinashika ngozi, na pembeni mawe yamejaa majani mabichi, unateleza kabla hujajua umeteleza. Mzee alitupa masharti matatu kabla ya lango la kwanza na aliyarudia kila lango. Usiruke kuvuka penye maji hata kama ni hatua moja. Usiiache hendeli kwenye ekseli, kile chuma inachokizungusha, ukaondoka, kishikizi kikiachia inazunguka yenyewe inavunja mkono. Na la tatu, aliye juu hafungui maji mpaka aliye kwenye kana ainue mkono. Hata kama unaona mwenyewe kila kitu kipo sawa. Mpaka ainue mkono.

Tukafanya hivyo malango yote sita. Shemeji juu na hendeli, mi chini na kana, nikiwa tayari nainua mkono, anafungua. Na kwa kuwa malango ya pale ni mapana, upana wa boti mbili, na sisi tuko peke yetu, maji yakiingia boti inatupwa huku na kule, unatakiwa uishike kwa kamba na kwa injini. Nilianza kujiona nimeshaweza.

Handaki la Braunston nitaliongelea kidogo kwa sababu bado naliota. Lina mita 1,867, lilifunguliwa 1796, na wachimbaji walikutana na mchanga unaotembea kule ndani na vipimo vikakosewa, kwahiyo lina kona ndani. Hakuna njia ya miguu ndani. Zamani farasi walikua wanapitishwa juu ya kilima, na boti inasukumwa na wanaume wawili wamelala chali juu ya mbao wakitembeza miguu ukutani, gizani, karibu kilomita mbili. Sisi tukapiga honi, tukawasha taa, tukaingia. Kule ndani kulikua na joto kuliko nje! Ukuta unapita karibu na bega lako, na kila penye tundu la hewa maji yanamwagika kutoka juu moja kwa moja shingoni. Katikati tukaona taa. Boti inakuja. Nafasi ya kupishana ipo, mnakaa kulia wote wawili, ila ile taa inakupofusha na mkono wenyewe unataka kuifuata. Mzee akaniambia usiitazame, tazama ukuta wako wa kulia, ule ukuta ndo rafiki yako. Tukapishana, nafikiri ilibaki nafasi ya kiganja, yule mama kwenye kana ya pili akasema mchana mwema kwa sauti ya kawaida kabisa kama tumekutana sokoni.

Tulipotoka upande wa pili mwanga ulikua umebadilika. Ndo kitu kilichotakiwa kunishtua. Kivuli cha boti kilikua kirefu tayari kwenye ukingo, na ilikua saa nane kasoro. Tukafunga, tukala chapati na maharage aliyobeba shemeji kwenye hotipoti, mzee alikula nne. Tukaswali adhuhuri na alasiri hapohapo kando ya njia ya farasi, nyasi zimelowa, korongo mmoja wa kijivu amesimama ng'ambo hatikisiki.

Kwenye makutano ya Norton, saa nane na nusu imepita kidogo, mzee akasema pana nafasi nzuri ya kulala hapa, tufunge, malango saba ya Buckby tuyashuke kesho asubuhi. Mi nikasema hapana mzee, mwanga upo, kila lango robo saa, tunamaliza kabla hakujawa giza kabisa. Niliwaahidi wanangu kurudi usiku ule. Na gari lipo Whilton, kilomita mbili mbele. Yeye akanyamaza. Baadaye ndo nimeelewa kwamba alinyamaza kwa sababu sisi tulikua tunamsaidia na aliona aibu kutukatalia. Mtu anayesaidia anakua na mamlaka asiyostahili, nililitumia hilo bila kujua.

Buckby ni sehemu ya ajabu. Kwenye bonde moja jembamba zimebanana njia nne. Ipo barabara waliyoijenga Warumi, sasa inaitwa A5, inapita juu ya mfereji pale kwenye lango la kwanza. Upo mfereji wenyewe. Ipo reli ya London kwenda Birmingham ya 1838, treni zinapita kilomita 200 kwa saa, huzioni ila unasikia hewa inapasuka. Na upo M1 uliofunguliwa 1959, unavuma mchana kutwa. Kila moja ilikuja kuiua iliyotangulia, na zote bado zipo. Ukiwa umesimama kwenye kana unakwenda mwendo wa miguu huku treni inapita pale, kuna kitu kinaingia kwenye damu, unaanza kuwa na haraka ya treni ukiwa kwenye chombo cha farasi. Mi niliingiwa hivyo. Lango la kwanza tukashuka, la pili, la tatu, la nne, tunaenda kwa kasi, shemeji anakimbia mbele kuandaa linalofuata. Mzee goti likamzidi, akaingia ndani kukaa karibu na jiko.

Lango la tano jua limeshazama. Ile rangi ya kijivu ambayo unaona kila kitu na huoni chochote. Ukishuka, nyuma yako chini ya mlango wa juu kuna ngazi ya zege iliyojitokeza ndani ya maji, huioni lango likiwa limejaa, ila wamechora mstari mweupe ukutani kukuonyesha mwisho wake. Tezi yako lazima iwe mbele ya huo mstari. Maji yakishuka na tezi imekaa juu ya ile ngazi, nyuma inabaki imening'inia, omo inazama, maji yanaingia kwa mbele, na ni suala la dakika. Mzee alikua amenionyesha ule mstari kwenye malango yote manne. Hapa sikuuona, ulikua umefunikwa na kuvu na giza. Na kwa kuwa niliogopa omo isigonge mlango wa chini, nikaweka rivasi kidogo kuishika boti, halafu nikawa nahangaika na kamba. Shemeji juu akaona boti imeingia, milango imefungwa, kachoka, baridi, akafungua maji. Sikuinua mkono. Na yeye hakuungoja.

Nilichosikia ni mkwaruzo chini ya miguu yangu. Mdogo, kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Mi sikuuelewa. Mzee ndani aliuelewa, alitoka na lile goti lake sijui alipandaje ngazi, akapiga kelele neno moja, funga! Shemeji hakuuliza, akaachia kishikizi na vyuma vikashuka kwa kishindo. Boti ilikua imeshainama mbele, vikombe vilianguka ndani nikavisikia. Mzee akaniambia toa rivasi, usiguse kitu kingine, na shemeji akakimbia mlango wa juu akafungua maji yaingie taratibu, tukapanda kidogo kidogo mpaka tezi ikajinasua yenyewe, ikatingishika, ikakaa sawa. Yote hayo labda dakika chache. Miguu yangu ilitetemeka mpaka usiku.

Mzee hakunifokea. Alichukua kana akaizungusha kulia na kushoto kusikiliza kama shikio limepinda, halikupinda. Akaangalia kama maji yanaingia, hayaingii. Akasogeza boti mbele, akanyoosha kidole ukutani kwa tochi mpaka nikauona mstari, halafu akainua mkono wake mwenyewe juu, wazi, shemeji akafungua. Tukatoka, akasema tunafunga hapa. Malango mawili yalikua yamebaki, gari hatua chache, na hakuna aliyebisha.

Kufunga kati ya malango si kuzuri, maji ya pale kati yanaweza kupungua usiku kama mlango unavuja. Kwahiyo akatufundisha kuacha kamba zilegee. Mi kwa hofu niliyokua nayo nilitaka kuzikaza mpaka mwisho, akazilegeza moja moja, akasema ukikaza sana na maji yakishuka unainingʼiniza boti mwenyewe mara ya pili leo.

Nikapiga simu nyumbani nikawaambia watoto ukweli kwamba baba alikosea na atalala kwenye boti. Shemeji akachemsha chai ya tangawizi. Jiko la makaa limepamba moto, mi nikasimama kuziba matundu ya hewa ya mlangoni maana upepo ulikua unaingia kwenye kisigino, mzee akanikataza. Akagonga kwa kidole kengele ndogo nyeupe ukutani, ya kunusa ile hewa ya sumu ya mkaa. Tangu 2019 ni lazima kila boti yenye chumba cha kukaa iwe nayo. Hilo halikuhitaji maelezo kwangu, kwetu kila msimu wa baridi huko Njombe na Mbeya unasikia familia imelala na jiko la mkaa ndani milango imefungwa na asubuhi hawakuamka. Nikakaa na baridi yangu ya kisigino.

Shemeji aliniomba radhi usiku ule, nami nikamwomba yeye. Akasema shemeji, ningesubiri mkono wako. Nikamwambia mi nilikua nimeshaacha kuuinua tangu lango la tatu, hukuniona? Akafikiri, akasema kweli. Hatukujua tumeuacha lini. Hilo ndo lililoniumiza zaidi ya ule mkwaruzo, kwamba hatukuamua kuacha, tuliacha tu kwa sababu tulikua tunaenda vizuri.

Asubuhi maji yalikua yameshuka karibu shubiri mbili, alama ya unyevu ipo ukutani, boti imeshuka nayo imetulia na kamba zake zimenyooka taratibu. Barafu juu ya paa. Jua linatoka jekundu nyuma ya ule mlio wa M1, na mdiria mmoja akapita chini chini juu ya maji, rangi ya buluu ile ambayo nyumbani tunaiona kila siku kwenye mikoko na pale ilionekana kama moto. Mzee alibaki ndani makusudi, akasema endesheni.

Nikaingiza boti kwenye lango la sita. Mstari mweupe ulikua unaonekana vizuri, nikaupita kwa mita nzima, nikaweka gia katikati, nikafunga kamba ya kati kwenye nguzo zamu moja tu ili ilegee. Shemeji alikua amesimama juu, hendeli ipo kwenye ekseli, mikono miwili juu yake, pumzi inamtoka moshi, ananitazama mi tu. Nikaangalia nyuma tena. Nikaangalia mbele. Nikainua mkono.

Akafungua.